Meeting Guide na wenzake: ipi itakufikisha kwenye kiti cha mkutano leo?

Anayetafuta mkutano wa kuacha pombe mara nyingi hana wiki nzima ya kuchagua. Ameamka mikono inatetemeka, au jana usiku mambo yameharibika nyumbani, na leo asubuhi amekiri moyoni kwamba peke yake hawezi. Moyo wa namna hiyo haukai muda mrefu. Jioni ikimkuta hajapata pa kwenda, chupa itamuwahi. Ndiyo maana huduma za kutafutia mikutano tunazipima kwa swali moja: mtu akishika simu sasa hivi, je, leo hii atakuwa ameketi mahali, mlango uko wazi na watu wamo ndani? Wingi wa mikutano kwenye orodha, ramani na rangi nzuri ni mambo ya baadaye.

Kabla ya orodha yoyote, kuna suala la mwili ambalo halisubiri. Mtu aliyekuwa akinywa sana kila siku, hasa yule anayelazimika kuzimua asubuhi ndipo mikono itulie, asiache ghafla akiwa peke yake. Arosto ya pombe inaweza kuua. Kutetemeka, jasho, kutapika, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi huanza kati ya saa 6 na 24 tangu kinywaji cha mwisho. Degedege huweza kumpata mtu ndani ya siku mbili za kwanza. Hali mbaya kuliko zote, ya kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo na homa kupanda, kwa kawaida hujitokeza kati ya saa 48 na 96. Hiyo ni kazi ya hospitali, ambako kuna dawa za kutuliza mwili hatua kwa hatua na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Wenyeji wa mkutano, hata wawe wema kiasi gani, hawana dawa hizo. Kwa hiyo kama umewahi kupata degedege au kuweweseka ulipoacha huko nyuma, nenda kwa daktari kwanza. Mkutano unaweza kufuata siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye Meeting Guide. Ni programu ya simu ya bure inayoendeshwa na ofisi ya huduma ya Alcoholics Anonymous, umoja wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, maarufu kama AA. Haidai ufungue akaunti, haiulizi jina wala haina matangazo. Ukiifungua na kuiruhusu ijue ulipo, inakuletea mikutano iliyo karibu nawe, inayoanza mapema ikitangulia. Usipotaka ijue ulipo, andika jina la mji na utapata orodha ileile. Humo mna mikutano zaidi ya 100,000 ya kila wiki, na taarifa zake huhuishwa mara mbili kwa siku.

Ukitaka kujua kwa nini programu hii inasifiwa mahali pamoja na kulalamikiwa pengine, angalia AA yenyewe ilivyojengwa. Ilianza mwaka 1935 huko Akron, Ohio, pale Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, na Bob Smith, daktari wa upasuaji, walipogundua kwamba mlevi akikaa na mlevi mwenzake wakazungumza bila kufichana, wote wawili wanaweza kupita siku bila kunywa. Tangu hapo kila kikundi kinajiendesha. Hakuna makao makuu yanayokiamuru kifungue saa ngapi au kihamie wapi. Taarifa za mikutano hukusanywa na ofisi za kila eneo, nyingi zikitegemea watu wa kujitolea, na Meeting Guide huzivuta kutoka huko. Eneo lenye ofisi makini, orodha yake inaaminika kama saa ya ukutani. Kwingine, ambako karani wa kujitolea ameondoka bila kupata wa kushika nafasi yake, utapelekwa kwenye ukumbi ambao kikundi kilihama zamani. Programu yenyewe haiwezi kujua.

Hapo ndipo tunapompa msomaji onyo kubwa kuliko yote: skrini tupu si ushahidi kwamba hakuna mkutano. Mara nyingi ni ishara kwamba hakuna ofisi ya eneo hilo inayotuma taarifa zake kwenye programu. AA ipo katika nchi 180 hivi, na vikundi vingi vinakutana bila kuwahi kuonekana kwenye Meeting Guide. Ukikuta utupu, ingia kwenye tovuti ya AA, tafuta ukurasa wa ofisi za nchi mbalimbali, kisha upige simu.

Ukipata orodha, soma ukurasa wa mkutano kwa utulivu, maana alama zake zinapoteza watu. Inayopoteza wengi ni "Closed". Mgeni akiiona hudhani kikundi kimefungwa, au ni cha wanachama walioandikishwa, akaondoka. Maana yake ni kinyume kabisa: mkutano huo umetengwa kwa ajili ya mtu mwenye tatizo la pombe, au anayehisi analo, na ana nia ya kuacha. Yaani umetengwa kwa ajili yake yeye. "Open" ni mkutano wa wazi ambao hata mke, rafiki au mwanafunzi wa uuguzi anaweza kuja kusikiliza. Kwa hiyo kama unataka kwenda na ndugu yako wa kukushika mkono, chagua wa wazi. Kama unaogopa kukutana na watazamaji, chagua ule mwingine.

Alama nyingine zinasema aina ya mazungumzo. Kuna mkutano wa msemaji, ambapo mtu mmoja anasimulia maisha yake na wengine wanasikiliza. Kuna wa majadiliano, ambapo kila mmoja anapata dakika zake. Kuna wa kusoma Hatua 12, yaani mwongozo wa AA wa kuacha pombe hatua kwa hatua, wa wanawake, wa wanaume, wa vijana, na wa wanaoanza. Kwa siku ya kwanza tunapendekeza wa wanaoanza, na ukikosekana, wa msemaji, kwa sababu hutarajiwi kufungua mdomo. Pia kuna alama ya kiti cha magurudumu na alama ya kwamba jengo limefungwa kwa muda. Hiyo ya mwisho iangalie kabla ya kuvaa viatu.

Kisha njoo kwenye kosa dogo linaloharibu safari nyingi: mlango. Mikutano mingi hukodi chumba ndani ya jengo kubwa, ukumbi wa kanisa, shule au kituo cha jamii. Kialama cha ramani kinadondokea kwenye lango kuu, ilhali kikundi kinakutana nyuma, ghorofa ya chini, kwa mlango mdogo usio na bango. Mgeni anafika, anakuta lango limefungwa na taa za mbele zimezimwa, anasimama dakika tano, anaona aibu, anaondoka. Na ndani, hatua 30 kutoka alipokuwa amesimama, mtu alikuwa anapanga viti. Chini ya anwani huwa kuna mstari wa maelezo, pengine maneno manne tu kuhusu mlango na ghorofa. Usome huo kuliko ramani. Usipokuwepo, ndiyo sababu ya kupiga simu.

Simu ya kawaida, kwa maoni yetu, bado inazishinda programu zote. Ofisi ya AA ya eneo huwa na namba, na katika Meeting Guide kila mkutano unaonyesha taarifa zake zimetoka kwa nani. Anayepokea mara nyingi ni mtu wa kujitolea ambaye naye aliwahi kupiga namba kama hiyo. Huna haja ya kueleza maisha yako. Sema hivi: "Natafuta mkutano leo au kesho, sijawahi kuhudhuria. Huu wa saa kumi na mbili jioni bado upo? Mlango ni upi? Kuna mtu anaweza kunipokea nikifika?" Swali la tatu ndilo lenye thamani kubwa, na wengi hawajui kwamba linaruhusiwa. Kukutana na mgeni mlangoni ni kazi ya siku zote ya vikundi hivi, si hisani ya ajabu. Ukipokelewa na mashine, acha ujumbe kama namba yako ni salama kupigiwa, kisha piga ofisi nyingine bila kusubiri.

Utafiti nao unaelekea huko. Mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, ulitoa uchambuzi wa tafiti 27 zenye washiriki 10,565 kuhusu AA na tiba zilizopangwa mahususi kumwingiza mtu katika AA. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 42 ya waliopitia tiba hizo walikuwa hawanywi kabisa, wakilinganishwa na asilimia 35 ya waliopewa tiba nyingine. Zingatia kilichopimwa hapo: mshauri aliyekaa na mtu, akazungumza naye kuhusu mikutano, akamhimiza na kumfuatilia. Kuachiwa orodha mezani ni kitu kingine. Kama una mshauri au muuguzi, mwombe apige simu hiyo mbele yako kabla hujatoka chumbani kwake.

Kwa mtu aliye mbali na vikundi, au anayeogopa kuonekana, orodha ya mikutano ya mtandaoni ya AA, inayosimamiwa na Online Intergroup, ni mkombozi. Usiku wa manane, wakati kiu ya pombe inapokaba na watu wote wamelala, mahali fulani duniani ni saa mbili asubuhi na kikundi kinafungua mkutano. Kwa swali letu la leo hii, hakuna huduma inayoishinda. Upungufu wake ni kwamba hakuna mtu wa kukutazama usoni ukiondoka, na ni rahisi mno kubonyeza na kutoweka dakika mambo yanapogusa kidonda.

Kuna mitego yake. Wa kwanza ni jina. Zoom, programu ya mikutano ya video, huonyesha jina lililo kwenye akaunti yako, na kama simu hiyo huitumia kwa kazi, unaweza kuingia mkutanoni na jina lako kamili, la ukoo na la kampuni. Badilisha kabla ya kubonyeza kuingia, uache jina la kwanza tu au herufi. Wa pili ni kamera: kuizima kunaruhusiwa kwa kawaida, ila baadhi ya vikundi vitakuomba uiwashe kwa sekunde chache mlangoni, kwa sababu vilishavamiwa na wahuni wanaokuja kuvuruga. Si kwamba wanakushuku wewe. Wa tatu, kikundi kinachotumia akaunti ya bure hukatika dakika ya 40. Usidhani umefukuzwa. Bonyeza kiungo kilekile, na utawakuta wengine nao wanarudi. Kama bando ni dogo, zima video zote, au tafuta mikutano ya sauti tu ambayo unaipigia kama simu nyingine yoyote.

Mtego wa nne ni wa saa, na huwanasa hata wazoefu. Nchi nyingi za Ulaya na Amerika Kaskazini husogeza saa mbele majira ya kuchipua na kuzirudisha majira ya kupukutika kwa majani, na hazifanyi hivyo siku moja. Kama unakoishi saa hazisogezwi, mkutano wako wa kila Jumanne utahama kwa saa nzima bila mtu kukuambia, kwa kuwa kwao haujahama. Mwezi Machi, na tena mwishoni mwa Oktoba hadi mwanzo wa Novemba, hakikisha upya.

Si kila mtu atapatana na AA, na hilo si kosa lake. Hatua 12 zinamtaja Mungu "kama tulivyomwelewa", na mikutano mingi hufungwa kwa sala. Anayeabudu kwa namna nyingine anaweza kunyamaza tu na hakuna atakayemuuliza, tena kuna vikundi vya AA visivyo na mlengo wa kidini. Lakini kama jambo hilo litakuzuia kurudi, tazama SMART Recovery. Ilianza mwaka 1994, haina dini, na mikutano yake huongozwa na mtu aliyepata mafunzo. Msingi wake ni mambo manne: kujenga hamasa, kukabili kiu, kusimamia mawazo na hisia, na kuishi maisha yenye uwiano. Utafanya kazi ya kalamu pia, kwa mfano kuchora jedwali la faida na hasara za kunywa na za kuacha, kisha kulisoma tena siku mbaya. Tofauti utakayoihisi haraka ni kwamba wenzako wanaruhusiwa kukujibu, ilhali AA mtu akimaliza kuzungumza hakuna anayemkosoa wala kumpa ushauri pale pale. Utafutaji wa mikutano kwenye tovuti yao ni safi na unatenganisha vizuri ya ana kwa ana na ya mtandaoni. Tatizo ni idadi. Mikutano ya ana kwa ana ni michache kuliko ya AA, na nje ya miji mikubwa huenda ukabaki na ya mtandaoni tu. Zipo pia Women for Sobriety ya tangu 1975 kwa wanawake, LifeRing isiyo ya dini, na Recovery Dharma inayofuata mafundisho ya Kibudha. Orodha zao ni fupi ila hutunzwa na watu wanaojali.

Ukishafika, utakaa dakika 60 hadi 90. Fika dakika 10 kabla. Muda huo ndio ambao mtu mmoja anavuta viti kuvipanga duara, mwingine anaweka vitabu mezani, na anayekuona mgeni atakupa mkono na jina lake la kwanza tu, akingoja lako. Zamu ikikufikia, "leo nasikiliza" inatosha. Hakuna anayelazimishwa kusema "mimi ni mlevi". Kapu likipita, lipitishe. AA hujitegemea kwa michango ya wanachama wake na mgeni hadaiwi kitu. Akijitokeza mtu wa kudai kiingilio, au kukuuzia dawa na vifurushi vya matibabu, jua hapo umefika mahali pengine. Je, kama umekunywa leo? Nenda. Sharti pekee ni nia ya kuacha. Vikundi vingi vitakuomba usikilize tu siku hiyo, na ni ombi la haki.

Yasemwayo mle ndani hayatoki nje, na watu huheshimu hilo kwa dhati, ila si siri ya kisheria kama ile ya daktari. Jambo linaloweza kukupeleka mahakamani lizungumze na wakili. Namba za simu utapewa, na zichukue, kwa maana kumpigia mtu kabla ya kunywa kuna kazi kubwa kuliko kumpigia baada ya kunywa. Mdhamini, yaani mwanachama mzoefu atakayekuongoza katika Hatua, achaguliwe polepole, na asiwe mtu ambaye mapenzi yanaweza kuingia kati. Kwenye vikundi vyote wapo wachache wanaowawinda wageni wakiwa bado dhaifu. Ukiona mtu anakuganda, hamia kwa wazee wa kikundi wa jinsia yako na uwaambie waziwazi. Na yeyote akikwambia uache dawa ulizoandikiwa, iwe ya sonona au ya kupunguza kiu kama naltrexone na acamprosate, usimsikilize. Mwongozo wa AA yenyewe unasema mwanachama asijifanye daktari.

Mkutano mmoja haukupi picha. Vikundi viwili vya mtaa mmoja vinaweza kutofautiana kama mashariki na magharibi. Hudhuria sita, kwa saa na siku tofauti, ndipo uamue. Meeting Guide ina sehemu ya kuweka alama mikutano uliyoipenda, itumie. Kalenda ya kazini au inayoonwa na familia usiitumie kama bado hujawaambia.

Ndugu wa mnywaji nao wana mahali pao. Al-Anon ipo tangu 1951 kwa wale wanaoumizwa na unywaji wa mtu wao, na Alateen ni kwa vijana. Orodha yao ni tofauti na ya AA, kwa hiyo mama akitafuta kwenye Meeting Guide hatapata wake.

Na ikitokea umefuata maelekezo yote na mlango bado umefungwa, zunguka jengo mara moja ukitafuta taa iliyowaka. Ukikosa, usirudi nyumbani kwanza. Ukiwa bado hapo nje, vaa vifaa vya masikioni, fungua orodha ya mtandaoni, ingia mkutano unaofuata, uwaambie ulikotoka: umesimama mbele ya mlango uliofungwa na hujanywa. Kesho yake ijulishe ofisi ya eneo jina la kikundi, siku, saa na ulichokikuta. Taarifa ya mistari minne kama hiyo ndiyo inayoondoa anwani iliyokufa kwenye orodha, kabla mwingine hajaifuata Jumanne ijayo.